Hakimu huandika anachosikia: barua kwa mnaosimama mahakamani bila wakili, na kwa mawakili wapya

Wanangu mnaosubiri kuitwa kwenye mabenchi ya mahakama za mwanzo na za wilaya, nanyi mawakili ambao joho bado lina mikunjo ya dukani,

Salaam. Nilikuwa karani wa mahakama hapa mkoani Morogoro mpaka nilipostaafu. Niliita mashauri, nilitunza majalada, nilichapa mienendo, yaani maandishi ya yote yaliyosemwa kesini. Hiyo kazi ya kuchapa ndiyo inayonipa uthubutu wa kuwaandikia, kwa sababu nimechapa kesi nyingi zilizosikilizwa mbele yangu, na mara kwa mara maneno niliyoyasikia kwa masikio yangu sikuyakuta kwenye karatasi. Hakimu hakuficha kitu. Mtu aliyasema, lakini aliyasema akiwa amekaa, au amemgeukia mwenzake, au hakimu akiwa bado anamalizia sentensi ya shahidi.

Majaji wa rufaa hawatakuwepo siku ya kesi yako. Watasoma mwenendo, na kisichokuwemo humo ni kama hakikusemwa. Ukilijua hilo, adabu ambazo wengi wenu mnaziona ni maringo ya kikoloni utaona zina kazi. Unasimama unapozungumza ili ijulikane nani anazungumza. Unamwelekea hakimu na kumwita Mheshimiwa, wala humgeukii mdaiwa wako, kwa kuwa mkianza kujibizana ninyi wawili hakuna mtu duniani anayeweza kuandika. Unasema sentensi moja, unatazama kalamu, au kompyuta siku hizi, ikitulia unaendelea. Kuhusu kusimama inapoitwa "Kooorti!" na kuinamisha kichwa ukiingia, fuata wanavyofanya wenzako. Simu zima, usirekodi wala kupiga picha bila ruhusa, kapelo vua.

Kabla hujafika huko, soma wito wako vizuri. Kama shauri linakuja kwa kutajwa, mahakama inataka kujua tu limefikia wapi, kwa hiyo usiwatoe mashahidi Mahenge kwa nauli zao waje kukaa dakika tano. Kama linakuja kwa kusikilizwa, njoo na mashahidi na vielelezo vyako. Mdai asipotokea siku hiyo kesi inaweza kufutwa, na mdaiwa asipotokea itasikilizwa ya upande mmoja. Ukishtakiwa kwa madai mahakama ya wilaya, una siku 21 tangu upokee wito kuwasilisha utetezi wa maandishi. Usikae nazo ukingoja tarehe ya kesi. Ukiugua, mtume mtu na karatasi ya hospitali. Usimpigie karani simu. Karani hana mamlaka ya kuahirisha kesi hata akikuitikia "sawa, nimekuelewa".

Kwa mnaoshtakiwa kwa makosa ya jinai, nina ombi. Shitaka likisomwa, watu hujibu "ni kweli" wakimaanisha wamesikia, au ni kweli walikuwepo, au ni kweli wameletwa na polisi. Hakimu anaandika maneno yako kama yalivyo. Kama ulimpiga mtu ukijitetea, sema hivyo hivyo: nilimpiga kwa sababu alinijia na panga. Ukishasema ni kweli, utasomewa maelezo ya kosa. Hapo ndipo pa kukataa kipengele usichokikubali, maana mtu aliyetiwa hatiani kwa kukiri kwake mwenyewe kwa kawaida hukata rufaa juu ya adhabu tu.

Sasa maswali kwa shahidi, ambayo nimeona yakiwaangusha wengi. Kijana mmoja alishtakiwa kwa wizi wa pikipiki. Shahidi akasema alimwona usiku akiisukuma. Hakimu akamgeukia mshtakiwa: una maswali kwa shahidi huyu?

"Mheshimiwa, huyu ni mwongo. Mimi siku hiyo nilikuwa Mikumi kwenye msiba."

"Huo ni utetezi wako, utausema zamu yako ikifika. Una maswali?"

"Nimuulize nini, Mheshimiwa, na anadanganya?"

Hakimu akaandika kwamba mshtakiwa hana maswali. Mtu akisoma mwenendo ule anaona shahidi amesema, na mshtakiwa amenyamaza. Mahakama ya Rufani imerudia mara nyingi kwamba asiyemhoji shahidi juu ya jambo la msingi anachukuliwa kuwa amelikubali.

Angeuliza nini? Ilikuwa saa ngapi? Ulitumia mwanga gani kuniona, taa ya umeme au mbalamwezi? Ulikuwa umbali gani? Uliniona kwa muda gani? Ulikuwa unanifahamu kabla? Polisi ulipofika siku ile ulinitaja jina? Hayo si maujanja ya chuo. Tangu 1980 Mahakama ya Rufani iliwaambia mahakimu wayaangalie hayo kabla ya kuamini utambuzi wa usiku. Na huo msiba wa Mikumi angemwekea shahidi mbele yake: utakubali kwamba saa hiyo mimi sikuwepo kijijini? Shahidi atakataa, ni sawa, lakini limeandikwa. Tena sheria inataka mwenye utetezi wa namna hiyo, kwamba alikuwa mahali pengine, atoe taarifa kabla kesi haijaanza kusikilizwa. Ukiuibua mwishoni unaweza usipewe uzito wowote.

Andika maswali yako nyumbani kwenye daftari. Swali moja, jambo moja. Ukipata jibu zuri kaa chini. Nimeshuhudia watu wakipata jibu la kuwaokoa kisha wakauliza "kwa nini", na shahidi akapata nafasi ya kulirekebisha.

Vielelezo nitavipitia haraka. Leta nakala halisi. Kumwinulia hakimu simu asome meseji hakusaidii. Lazima ueleze meseji ilitumwa kutoka namba ipi, ilihifadhiwaje, na kwamba haikuchezewa, kwa kuwa Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inaangalia hayo. Mkataba unaopaswa kulipiwa ushuru wa stempu hautapokelewa mpaka ulipiwe. Anayetaka talaka apitie kwanza Baraza la Usuluhishi la Ndoa apate hati yake. Nimeona mashauri ya ndoa yakiondolewa mahakamani baada ya mama wa watu kusafiri mara nyingi, kisa karatasi hiyo tu.

Mawakili, wanangu wasomi, msidhani ninyi mmepona. Kinachonikera zaidi ni mtu kusimama kwa niaba ya mwenzake bila kulijua jalada. Mahakama ikiuliza kama yuko tayari kuendelea, anajibu kwamba ametumwa kuomba tarehe nyingine tu, na mashahidi watatu wamelala stendi tangu jana. Kama huna maelekezo ya kuendelea na kesi, mwombe mwenzako akupe, au mwambie aje mwenyewe. Mnasema haraka mno pia. Nyaraka ya ushahidi ikishapokelewa hakikisheni inasomwa kwa sauti mahakamani. Nyingi zimeondolewa kwenye ushahidi wakati wa rufaa kwa sababu hazikusomwa, na hasara ni ya mteja.

Na mkikutana na mtu asiye na wakili, msimchezee. Tangu 2021 mnaruhusiwa kuingia mahakama ya mwanzo inayoongozwa na hakimu mkazi, na huko ndiko mtakakowakuta wakulima na mama ntilie wamesimama peke yao. Mpe nakala ya hoja zako na ya uamuzi unaoutegemea. Sema Kiswahili, kwa kuwa mwaka huo huo sheria ilikifanya kuwa lugha ya mahakama, na mwenzako ana haki ya kuelewa anachojibu. Pingamizi la awali, lile la kutaka kesi iondolewe kabla haijasikilizwa, likiwa na mashiko liwekeni, ndiyo kazi. Lile la kumchosha tu mzee wa watu akate tamaa, hakimu analijua, na karani pia.

Nje ya geti kuna watu wenye mafaili kwapani wanaojua kila kitu. Tunawaita vishoka. Atakuandikia hati, atachukua hela yako, atakwambia anafahamiana na hakimu. Ada halali ya mahakama hulipwa kwa kontroli namba, na risiti unabaki nayo. Anayetaka fedha taslimu mkononi ili kesi "iende vizuri" mpeleke TAKUKURU. Kama huna uwezo, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria wanaohudumia bure. Uliza dawati la maelezo mahakamani au ofisi ya ustawi wa jamii.

Siku ya hukumu, sikilizeni mpaka mwisho. Najua moyo unadunda ukisubiri neno moja, lakini baada ya neno hilo hakimu huwa anataja haki ya rufaa, na muda wake unaanza kuhesabika. Kutoka mahakama ya mwanzo kwenda ya wilaya ni siku 30, na huhitaji kungoja nakala ya hukumu ndipo ukate rufaa. Wengi wamechelewa kwa kuisubiri. Kesi ya jinai iliyoanzia wilaya, kwenda Mahakama Kuu, notisi ya kusudio la kukata rufaa ndani ya siku 10 na rufaa yenyewe ndani ya siku 45. Ya madai iliyoanzia huko huko ni siku 90. Kwenye hizi mbili za mwisho siku za kungojea nakala huondolewa kwenye hesabu, ila uwe na ushahidi kwamba uliomba. Kwa hiyo andika barua ya kuomba nakala ya hukumu na mwenendo siku hiyo hiyo, ipeleke masjala, na usiondoke mpaka nakala yako imegongwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Ukipitisha muda utalazimika kueleza kila siku uliyochelewa, moja baada ya nyingine, na "sikujua sheria" haihesabiwi.

Wenu,
Karani mstaafu, Morogoro