Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Kuhusu Zuio la Kujaza Nondo Nyuma ya Bampa

Ndugu wanachama wa chama chetu cha mafundi wa bodi za magari, wazee wetu washauri, na vijana mnaojifunza kazi chini yetu,

Shughuli za kawaida mnazijua, nitazipitia haraka. Tumewazika wenzetu wawili, na rambirambi zimefika kwa familia. Pango la ofisi limelipwa hadi Juni. Vijana watano wamemaliza mafunzo ya kupiga puti na rangi. Umeme wa njia tatu umeingia kwenye banda la pamoja baada ya mimi binafsi kufuatilia maombi kwa muda mrefu, na nafurahi kwamba sasa hata waliosema hautakuja wanachomelea kwa miga, ile mashine ya kuchomelea kwa waya na gesi, mchana kutwa.

Kuhusu fedha: daftari lina wanachama 94, na waliolipa ada ya mwaka mzima ni 37. Kwa ada ya shilingi 60,000, tumekusanya 2,220,000. Pango, ulinzi na misiba vimekula sehemu kubwa, na shilingi 840,000 zimetumika kwenye jaribio nitakalolieleza hapa chini. Mkutano wa robo ya pili haukufanyika kwa kukosa akidi. Wa robo ya tatu tulikuwa kumi na wanane. Inauma kuona mtu hakuja kikaoni, hajalipa ada, halafu anasimama kijiweni kusema uamuzi umepitishwa kwa kificho.

Sasa niingie kwenye jambo lililotugawa mwaka huu.

Kamati Tendaji iliamua kwamba mwanachama wetu hatajaza nondo, bomba wala zege ndani ya viboksi vilivyo kati ya bampa na mihimili ya mbele ya gari, na hatachomelea ngao ya chuma, yaani ile fremu ya mabomba inayokaa mbele ya bampa, moja kwa moja kwenye mihimili hiyo. Baadhi yenu mmesema mwenyekiti amewanyang'anya tonge mdomoni. Wengine mmesema mteja ndiye bosi, akitaka gari lake liwe gumu apewe ugumu. Nimeyasikia yote, na ninajibu kwa kirefu kwa sababu hapa tunazungumzia roho za watu.

Kile kiboksi mnachokiona chepesi na chembamba hakikutengenezwa hivyo kwa ubahili. Kimetengenezwa kife. Bati lake lina vibonyezo maalumu upande wa mbele ili kikipata pigo kianze kujikunja hapo, pindo juu ya pindo, na kila pindo linakula sehemu ya nishati ya mgongano. Kimefungwa kwa boliti ili kikishakufa king'olewe na kufungwa kingine, huku mhimili wa nyuma yake ukibaki umenyooka. Kwa migongano ya mwendo mdogo, wenzetu wa bima na utafiti wa matengenezo nje hupima kwa kilomita 15 kwa saa, na hesabu ya kiboksi inaanzia hapo. Mwendo ukizidi, mihimili yenyewe nayo hupangwa ikunjike kwa zamu, na chumba cha abiria ndicho pekee kinachotakiwa kugoma.

Chukueni gari la kilo 1,200 linalokwenda kilomita 50 kwa saa. Likisimama huku pua yake ikikunjika kwa sentimita 60, abiria anapata mkazo wa karibu mara 16 ya uzito wake. Mtu wa kilo 70 anabanwa na mkanda kwa nguvu ya tani moja na kidogo. Ataumia, lakini atarudi nyumbani. Sasa gari hilo hilo mlijaze nondo hadi pua ikunjike sentimita 15 tu. Mkazo unapita mara 60, na mtu yule yule anabanwa kwa zaidi ya tani nne. Gari mtalisifia kwamba halikuharibika. Dereva je? Na mwendo ukiongezeka mara mbili, nishati inakuwa mara nne, kwa hiyo huko barabara ya Morogoro hali ni mbaya kuliko hesabu hii ya mjini.

Wazee wetu hupenda kusema magari ya zamani yalikuwa magari. Naheshimu kauli hiyo, lakini mwaka 2009 taasisi ya bima ya usalama barabarani ya Marekani, IIHS, iligonganisha Chevrolet Bel Air ya mwaka 1959 na Chevrolet Malibu ya mwaka 2009, uso kwa uso upande wa dereva, kila moja ikienda takriban kilomita 64 kwa saa. Lile la zamani ndilo lililobomokea ndani mahali anapokaa dereva. Sanamu ya kupimia ilionyesha kwamba mtu wa Bel Air asingepona, na wa Malibu angeumia mguu. Mwaka huo huo wa 1959 Mercedes walikuwa wameshaanza kuuza gari lenye pua na mkia vya kukunjika, kutokana na wazo la mhandisi Béla Barényi aliyeliombea hataza, yaani haki ya mvumbuzi, mwaka 1951. Tusijifanye jambo hili ni geni. Toyota nyingi mnazozipokea zina stika ya GOA kwenye kioo. Jina hilo wamelitumia tangu miaka ya 1990 kwa bodi ya namna hii hii, na sisi stika tunaibandua tunapopiga rangi bila hata kuisoma.

Kuhusu zile shilingi 840,000. Tulikodi presi ya haidroliki kwenye karakana moja ya jirani, tukanunua mirija ya chuma laini ya milimita 60 kwa 60, unene milimita 1.5, na mirija miwili ya alumini. Stakabadhi ziko kwa mweka hazina. Karakana si ya ndugu yangu wala rafiki yangu, kama inavyodaiwa.

Mrija mtupu ulihitaji kama tani nane kuanza kuvunjika, kisha geji ikashuka na kucheza kwenye tani tatu hadi nne muda wote ulipokuwa ukijikunja. Ule tuliougonga vibonyezo viwili kichwani ulianza mapema zaidi, bila ule mruko wa mwanzo, na mapindo yakaja kwa mpangilio hadi yakakaribia kugusana. Huo mruko wa mwanzo ndio unaompiga mtu kifuani, na vibonyezo vipo ili kuushusha. Ukafuata mrija wenye nondo nne za milimita 12. Geji ilipita tani 20, mrija haujajikunja hata pindo moja, na pleti ya chini ikaanza kupinda. Tulisimamisha. Kwenye gari, pleti hiyo ndiyo mhimili wako, na nyuma ya mhimili kuna miguu ya dereva.

Alumini ilinifurahisha mimi zaidi ya wote, sifichi. Kwa ujazo ule ule ina theluthi moja ya uzito wa chuma, kwa hiyo unaweza kuongeza unene ukapata nguvu na bado mkono ukahisi tofauti. Uzito ukipungua, nishati ya kumeza nayo inapungua. Ila alumini ina masharti yake: ukiichomelea, sehemu iliyo karibu na mchomeleo inalegea sana, nayo hujikunja mahali usipotaka. Kadhalika chuma kigumu chenye boroni kwenye nguzo za milango ya magari mapya. Kile hupashwa kama nyuzi 900 kiwandani na kupozwa ghafla ndani ya kalibu, ndipo kinapata ugumu wake. Ukikinyoosha kwa moto wa gesi na kukiacha kipoe taratibu, umebakiza umbo tu. Ndiyo maana kamati imesema pia nguzo hizo zisiguswe kwa gesi.

Kuhusu ngao, Ulaya ilitoa maagizo ya kuzibana mwaka 2005 kwa ajili ya waenda kwa miguu, na India ilizipiga marufuku mwaka 2017. Ngao ngumu iliyochomelewa kwenye mihimili inaweza pia kuvuruga muda wa mifuko ya hewa kufunguka, kwa sababu vihisio vinasoma pigo tofauti na lile walilolipangia waundaji. Hapa kwetu, anayepigwa na ngao hiyo ni mtoto anayevuka kwenda shule au dereva wa bodaboda. Siwezi kuongoza chama kinachouza kitu hicho nikalala usingizi.

Najua viboksi vya mtumba havipatikani kirahisi kwa kila gari. Tunatarajia kuzungumza na waagizaji wa spea ili wasivikate kwa gesi wanapotenganisha pua za magari, na Mungu akijalia tutajaribu kutengeneza vyetu kwa bati la unene sahihi. Kuna pia wazo la nyuzi za katani ya Tanga, ambazo zikichanganywa na gundi hutoa paneli nyepesi. Ulaya katani imeshatumika kwenye paneli za ndani za milango. Hilo litategemea mfuko, na mfuko unategemea ada.

Imewasilishwa hoja ya kufuta zuio. Itapigiwa kura leo mara baada ya taarifa ya mweka hazina. Kwa mujibu wa katiba yetu watapiga kura wanachama waliolipa ada ya mwaka tu, na katibu anaendelea kupokea malipo pale mlangoni hadi saa sita. Mirija yote ipo mezani, pamoja na ule wenye nondo. Mshike, mwangalie, ndipo mpige kura.

Mwenyekiti