Waraibu walio kwenye tiba nao wafikiriwe

Mhariri,

Kila asubuhi mpwa wangu hutoka Chang'ombe, hapa Dodoma, kwenda kunywa dozi yake ya methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa heroini, mbele ya muuguzi. Ni ya kila siku, Jumapili na sikukuu zimo. Akikosa nauli anatembea. Mikono yake imejaa makovu ya sindano, na kila kazi ya saidia fundi aliyopata imeota nyasi, kwa sababu anafika saa nne wakati wenzake wameshaanza kumwaga zege.

Mwaka jana aliomba mkopo wa halmashauri, ile asilimia 2 ya mapato inayotengwa kwa ajili ya watu wenye ulemavu. Ofisa mmoja alimtazama miguuni, akamuuliza: "Ulemavu wako uko wapi?" Alirudi nyumbani kimya, akalala bila kula.

Naomba waraibu walio kwenye tiba kama yeye nao wahesabiwe kwenye msaada wa watu wenye ulemavu. Najua hofu ya wengi, kwamba fedha itaishia kijiweni, kwenye dawa za kulevya. Marekani waliogopa hivyohivyo, na sheria ya 1996 ikawaondoa kwenye mafao wale ambao uraibu ndio msingi wa ulemavu wao. Njia hiyo siikubali hata kidogo. Wala sisemi apewe noti mkononi. Anayehudhuria kliniki mahudhurio yake yanaandikwa, basi hayo yawe kithibitisho chake. Apewe nauli ya kufuata dawa, na kikundi chake kipewe vifaa: cherehani, au mashine ya kufyatulia matofali.

Wabunge wanakutana hapahapa jijini kwetu. Nawaomba walijadili suala hili kwenye kikao kijacho.

Msomaji wenu,
Chang'ombe, Dodoma