Dume bora wa asili anaishia mnadani

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie ng'ombe wetu wa asili: weupe wa Singida, wekundu wa Iringa, wa Tarime, wa Kimasai, wa Kigogo, na Ankole wa Kagera wenye pembe ndefu. Wanapotajwa kuwa hatarini, lawama zote hutupiwa mbegu za kigeni. Mbegu hizo zina sehemu yake, ila tatizo linaloumiza zaidi liko kwenye madume, na linatokana na mikono yetu.

Tazama mnada wowote. Mnunuzi anapapasa nundu iliyosimama, anapima mgongo kwa macho, analipa. Dume huyo ndiye aliyepaswa kubaki bomani. Mwenzake mwenye kifua kipana huminywa burdizo, ile koleo ya kuhasi, mapema akawe maksai wa kuvuta plau. Anayebaki kupanda majike ni yule mdogo asiyetakiwa na mtu, na ndama wote wa msimu ujao ni wake.

Halafu kuna hesabu ambayo wafugaji wengi hawajawahi kuonyeshwa. Zidisha madume kwa majike, zidisha tena kwa 4, kisha gawanya kwa jumla yao. Majike 100 na madume 2 wanakupa takriban 8: kwa upande wa damu, kundi hilo ni sawa na ng'ombe 8 tu. Ongeza majike wafike 500 huku madume wakibaki 2, jibu ni lile lile, 8. Hapo udugu, yaani ndama kuzaliwa na wazazi wa damu moja, unapanda kwa zaidi ya asilimia 6 kila kizazi, ilhali kiwango kinachovumilika ni asilimia 1, yaani jibu lisipungue 50. Dume akimpanda binti yake, ndama anabeba udugu wa asilimia 25. Matokeo yake ni ndama dhaifu na mitamba inayochelewa kushika mimba, na mara nyingi mwenye ng'ombe hudhani ni malisho au laana.

Dawa yake haihitaji fedha nyingi. Maboma 15 yakubaliane, kila moja liwe na majike 20 na dume 1 aliyezaliwa na baba tofauti na wengine. Jibu linapanda hadi 57. Kila baada ya miaka 2 dume ahamie boma linalofuata, siku zote kuelekea upande mmoja, kabla binti zake hawajaanza kupandwa. Mpango huu huvunjika pale ng'ombe wote wanapochungwa pamoja, kwa hiyo madume wadogo wasiochaguliwa wahasiwe kabla hawajatimiza mwaka mmoja. Wa kubaki achaguliwe kwanza, burdizo ifuate baadaye, na achaguliwe kwa kumtazama mama yake: anazaa kila mwaka? Alivuka kiangazi akiwa na nyama mgongoni? Namba ya hereni ya baba na mama iandikwe kwenye daftari.

Wapo wanaosema tugandishe mbegu na kazi imekwisha. Tugandishe, tena kutoka kwa madume wasiopungua 25 wa vijiji tofauti. Lakini mtungi wa kuhifadhia mbegu hutunza nyuzi 196 chini ya sifuri kwa muda ule tu naitrojeni ya kimiminika imo. Asiyepima kina kwa kijiti kila wiki atakuta mbegu zote kwenye mirija yake zimekufa. Tena mbegu peke yake hairudishi mbari iliyopotea haraka: kwa majike wa aina nyingine unapata kwanza nusu ya damu yake, kisha robo tatu, na kizazi cha 5 ndipo unafika asilimia 97. Zebu, yaani ng'ombe wetu wa asili mwenye nundu, huzaa mara ya kwanza akikaribia miaka 4. Hiyo ni miaka 20.

Mwenye zizi la ndani, majani ya kukata na dawa ya kuogeshea, achanganye na Friesian, ng'ombe wa maziwa wa kigeni; chotara wa kwanza humlipa vizuri. Ila kwa anayechunga kwenye kupe na ukame, robo tatu ya damu ya kigeni ni mzigo, maana uwezo wa ndama kuugua ndigana kali, ugonjwa unaoenezwa na kupe, akapona umetoka kwa zebu.

Maofisa ugani wa wilaya waanze na jambo moja msimu huu: wahesabu madume wanaopanda katika kila kijiji, na wamjue baba wa kila mmoja.

Mtaalamu wa uzalishaji mifugo,
Singida