Harambee ya siku 318: safari hii hatujengi

Wazazi, majirani na wahisani wetu,

Mmezoea kuitwa kuchangia mabati na matofali. Safari hii tunachangisha siku za kazi: siku 318 za waelekezi wawili watakaosimama na vijana sita wenye usonji (autism) wanaomaliza shule, hadi kila mmoja aweze kazi yake bila mtu pembeni.

Shuleni kijana ana ratiba ya picha, kengele inayogawa siku na mwalimu anayemwelewa. Akimaliza, vyote humtoka kwa mpigo. Usonji haukomi na utoto. Kinachokoma ni huduma. Akikaa nyumbani miezi kadhaa bila mpangilio, hata aliyoyaweza huanza kupotea.

Usaili nao humwangusha kabla hajashika kazi, maana hupima kutazamana macho, kujibu upesi na kujinadi. Kwa hiyo tunawaomba waajiri siku tatu za majaribio badala ya usaili. Mtu wa kukunja mashuka apimwe kwa mashuka.

Hesabu ya kila kijana ni hii. Wiki nne za mwanzo mwelekezi huwa naye siku tano kwa wiki. Nne zinazofuata, siku tatu. Nane baada ya hapo, siku moja. Kisha humtembelea mara moja kwa mwezi kwa miezi minane. Jumla siku 48. Ongeza asubuhi kumi za kujifunza njia, kila moja nusu siku: nne wakiwa bega kwa bega, tatu mwelekezi akifuata nyuma, tatu akimsubiri kazini. Moja ya hizo hutengwa kwa zoezi la gari kutokuja, jambo linalovuruga kuliko kupotea njia. Zote pamoja ni siku 53 kwa kijana mmoja, na kwa vijana sita ni 318. Waelekezi ni wawili tu, kwa hiyo vijana wataanza kwa zamu.

Mtatuuliza kwa nini mwelekezi asifundishe mwezi mmoja akaondoka. Tatizo ni sauti yake. Akisema “sasa weka sabuni” kila siku, sauti ile hugeuka kuwa hatua ya kazi. Asipokuwepo, kijana husimama na kungoja, na bosi huona mvivu. Ndiyo maana mwelekezi mzuri huongea kidogo, huonyesha picha kutoka nyuma, kisha husogea mbali hatua kwa hatua. Kazi yenyewe hupangwa ijieleze: trei iliyojaa kushoto, kikapu kitupu kulia, na kushoto kukiisha kazi imekwisha, kadi ya picha inaonyesha kinachofuata. Mpangilio wa namna hii umeenezwa na TEACCH, mpango wa kuwasaidia watu wenye usonji ulioanzishwa North Carolina, Marekani, mwaka 1972.

Pengine kijana anaiweza kazi vizuri lakini anashindwa na mapumziko. Kazi ina utaratibu. Nusu saa ya makelele na utani haina. Hapo anahitaji mahali pake maalumu, kitu cha kufanya, na saa ya kuonyesha muda uliobaki. Ziara za kila mwezi nazo zipo kwa sababu msimamizi akibadilishwa, makubaliano yote ya mdomo huondoka naye.

Vifaa ni vichache: saa sita za kuhesabu muda, kadi za picha zilizotiwa plastiki, na vikinga masikio sita. Viwe vya kupunguza kelele, si vya kuziba kabisa, maana lazima asikie king'ora na jina lake. Kila mmoja atajaribu kwanza. Wapo wasiovumilia kitu kinachobana kichwa. Nguo kuukuu na vitu vya kuchezea msilete. Hawa ni watu wazima.

Mshahara hautoki kwenye harambee hii. Mwajiri atamlipa kijana kama anavyowalipa wengine, na fedha ni zake.

Toa ahadi yako ya fedha kwa kuhesabu siku za mwelekezi: moja, tano zinazotosha mafunzo ya njia ya kijana mmoja, au 53 za kijana mmoja zikichangwa na kikundi kizima. Mwenye karakana, dobi, maktaba au ghala anaweza kutoa nafasi ya kazi badala ya fedha. Nafasi sita ndizo tunazozihitaji kuliko yote. Mweka hazina ataandika kila ahadi na siku ilizonunua, na daftari litakuwa wazi kwa kila mchangiaji.

Siku zisipotimia 318, tutapunguza idadi ya vijana wa kuanza, si siku za kila mmoja. Kila zikifika 53, mmoja anaanza.