Barua kwa Baba Zuhura: baraza la zege kwenye nchi ya barafu

Ngamiani, Tanga

Kwako Baba Zuhura,

Assalaam alaikum. Ujumbe wako nimeupata pamoja na picha za uwanja wa nyuma, na tumefurahi sana kusikia kwamba mmeshahamia kwenye nyumba yenu wenyewe huko Saint Paul, Minnesota. Mama Zuhura ana haki kabisa ya kudai baraza. Ila ile sentensi yako ya mwisho ndiyo iliyonifanya niweke mwiko chini nikuandikie: kwamba utalimwaga mwenyewe, mwisho wa Oktoba ukiwa likizo, kama tulivyomwaga lile la mzee wangu Barabara ya 12.

Usifanye hivyo, ndugu yangu. Baraza la mzee lipo, wazee wanakunywa kahawa pale kila alasiri, na sina neno nalo. Lakini karibu kila tulichokifanya siku ile ndicho kitakachoua zege lako huko. Wakati ule niko Minnesota na watu wa zege, kazi yetu kubwa kila masika ya kwao ilikuwa kuvunja mabaraza na njia za magari zilizomenyeka uso, na ukichunguza mwanzo wa ugonjwa ni mmoja tu, maji.

Zege ukiliangalia kwa jicho unaona jiwe, kumbe lina vinyweleo tele na linakunywa. Hapa kwetu halina shida. Usiku wa Julai wenyewe haushuki sana chini ya nyuzi 20, maji yanaingia na yanatoka zake. Huko yanaingia mchana yakiwa maji, usiku yanaganda. Yakiganda yanaongezeka ujazo kwa asilimia 9 hivi. Umewahi kusahau chupa iliyojaa maji kwenye friza, unajua inavyopasuka. Sasa hebu fikiria jambo hilo likitokea ndani ya zege, yanaganda, yanayeyuka, yanaganda tena, hasa Machi ambapo mchana theluji inayeyuka na usiku inarudi kuwa barafu. Uso unaanza kubanduka vipande vyembamba, kisha kokoto zinachungulia.

Dawa ya hilo Wamarekani waliipata miaka ya 1930, walipogundua kwamba barabara zilizokuwa na vipovu vidogo vya hewa ndani ya zege zinastahimili baridi kuliko nyingine. Vipovu hivyo havionekani kwa macho. Maji yakianza kuganda yanapata pa kusukumia badala ya kupasua. Siku hizi kuna dawa maalumu inayotiwa kwenye mchanganyiko, na kwa kokoto za robo tatu inchi unataka hewa ya asilimia 6 hivi, ikipanda au kushuka kwa moja si neno. Hewa hiyo huwezi kuipata kwa chepe na karai. Kwa hiyo habari ya kuchanganya mwenyewe ifute.

Na hata hesabu yenyewe inakataa. Umesema mita 4 kwa 5, unene inchi 4. Hiyo ni kama mita za ujazo 2. Ukitaka kwa ile mifuko ya ratili 80 inayouzwa madukani, ni mifuko karibu 120, na kila mmoja uukoroge. Wallahi utafika nusu huku ule wa mwanzo umeshakauka. Agiza lori la zege lililochanganywa tayari, yadi za ujazo 3, zitakutosha na kubaki kidogo. Ukipiga simu waambie hivi: nguvu psi 4,500 (ratili kwa inchi ya mraba), hewa asilimia 6, uzito wa maji kwa uzito wa saruji usizidi 0.45, slampu, yaani kipimo cha ulegevu wa zege, inchi 4. Wakikusikia unasema hivyo watajua wanaongea na mtu anayeijua kazi.

Hiyo 0.45 maana yake, kwa mfuko wetu wa kilo 50, maji lita 22 na nusu basi, na unyevu wa mchanga uuhesabu humo humo. Sisi kwa mzee tulimimina kwa ndoo mpaka zege likawa linatembea lenyewe, kwa sababu lilikuwa rahisi kusambaza na jua lilikuwa kali. Maji ya ziada yakiondoka yanaacha vinjia, na vinjia hivyo ndivyo vinavyokunywa theluji. Basi lori likifika, dereva atakuuliza kama unataka aongeze maji kidogo. Jibu ni hapana. Shemeji zako watakaokuja kusaidia watasema zege ni gumu. Waache waseme, washike reki.

Tuje kwenye ardhi, na hapa usiwe na haraka. Kabla ya jembe la kwanza piga simu namba 811, waje waweke alama za mabomba ya gesi na nyaya, ni bure. Kisha toa udongo wote mweusi wa juu na majani yake. Udongo laini wa mfinyanzi na tope unanyonya maji kutoka chini, yanaganda kwa matabaka, na matabaka hayo yananyanyua chochote kilicho juu yake. Nyumba yako haitikisiki kwa sababu msingi wake umechimbwa chini kupita udongo unaoganda. Kwa upande wenu wa Minnesota sheria inadai inchi 42, ambayo ni zaidi ya mita moja, na kaskazini kama Duluth ni inchi 60. Baraza hulishushi huko, gharama yake haina maana. Baraza linakaa juu ya kokoto. Chimba kiasi cha inchi 10 au 12, jaza inchi 6 hadi 8 za kokoto zilizopondwa zisizo na udongo, shindilia kwa mashine ya kukodi tabaka kwa tabaka. Kokoto hazihifadhi maji, na pasipo maji hakuna cha kuganda.

Sasa kumbuka kwa mzee tulichomeka nondo kutoka ukutani tukaona tumefanya la maana. Huko kufunga baraza na nyumba ni kujitafutia ufa. Nyumba imetulia, baraza litapanda kidogo Januari na kushuka Aprili, na kitu kilichofungwa upande mmoja kikinyanyuliwa upande wa pili lazima kivunjike. Weka utepe wa povu wa nusu inchi kando ya ukuta wote, na kuizunguka nguzo yoyote, ili kila kimoja kiende na safari yake. Mteremko uwe robo inchi kwa kila futi kutoka nyumbani, yaani sentimita 2 kwa mita. Kwa mita zako 4 ni sentimita 8. Utaona ni mteremko mkubwa ukiupima kwa uzi, ukikaa kwenye kiti hutauhisi.

BRC, ule wavu wa nondo nyembamba, ukipenda weka, lakini ikae katikati ya unene juu ya vitofali vidogo, siyo ile yetu ya kuitandika chini na kuivuta kwa mkono wakati zege linamwagwa. Nayo haizuii ufa, inaushika tu usipanuke. Kinachoongoza ufa ni mikato. Siku ya kwanza, mara zege litakapokuwa gumu kiasi cha kukatwa bila kung'oa kokoto, kata kwa msumeno kina cha inchi 1, mara moja kwa urefu na mara moja kwa upana. Utapata vipande vinne vya mita 2 kwa 2.5. Zege litapasuka, ila litapasuka ndani ya mkato, ambapo hakuna atakayeona.

Halafu niru. Najua Mama Zuhura atataka sakafu inayong'aa kama ya kwa mama yake Makorora, iliyopigwa niru ikapakwa rangi nyekundu. Mwambie kwa heshima kwamba huko nje haiwezekani. Ukinyunyiza saruji kavu juu ya zege bichi na kulisugua kwa mwiko wa chuma, unafanya mabaya mawili kwa mkupuo: unaitoa ile hewa uliyoilipia, palepale juu inapohitajika zaidi, na unayafungia chini maji yaliyokuwa yanapanda. Linabaki gamba zuri la kutazama, na baridi ya kwanza inalibandua. Kaa usubiri mng'ao wa maji upotee juu, wenyewe, usiufukuze. Kisha kibao cha mbao au cha magineziamu, na mwisho pitisha fagio kwa upande mmoja likwaruze mistari midogo. Tena faida yake utaiona siku ya barafu, hutateleza.

Kumwagilia na kufunika hilo unalijua, wiki nzima, hakuna tofauti na magunia yetu. Tofauti ni baridi, na ndiyo sababu Oktoba naikataa. Zege linahitaji joto ili likomae. Likishuka chini ya nyuzi 5 linasinzia, na likiganda kabla halijapata nguvu limekufa, halifufuki. Yapo mablanketi ya kufunikia, nimeyatumia, lakini hayo ni ya mkandarasi mwenye mkataba. Wewe una haraka gani? Hata lisipoganda, linataka mwezi mzima hivi wa kukauka hewani kabla ya kukutana na theluji na chumvi. Omba likizo Mei au Juni. Kuchimba na kushindilia unaweza kuanza hata sasa, kokoto zikae msimu mzima zitulie.

Chumvi nayo. Sisi tunaijua kwa ubaya mwingine: nyumba za Raskazone zinavyoliwa nondo na upepo wa bahari mpaka dari linapasuka. Huko watu wanaimwaga wenyewe kuyeyusha barafu, na kila ikiyeyusha inaloanisha uso na kuuongezea mizunguko ya kuganda. Msimu wa kwanza tumia mchanga mtupu. Miaka inayofuata soma mfuko kabla ya kununua, na ukiona amonia naitreti au amonia salfeti rudisha, hizo zinaila saruji yenyewe. Zege likishatimiza mwezi ulipake dawa ya sileni au siloksani, inayozama ndani na kuzuia maji bila kulifunga pumzi. Ile inayong'aa kama vanishi achana nayo.

Uliuliza pia kama unaweza kuweka jiko la nyama choma moja kwa moja juu yake. La miguu mirefu sawa. Moto wa chini weka tofali za kuhimili moto kwanza, maana joto kali nalo linarusha vipande.

Mzee anakusalimu, anasema mguu unamsumbua lakini anatembea. Rama amemaliza VETA, umeme, anatafuta kazi. Mama Rama anauliza kama zile khanga zilifika.

Nijibu jambo moja kabla hujachimba: kwenye picha ya pili naona bomba la maji ya paa linashuka palepale pembeni. Yanamwagikia wapi?

Ndugu yako,
Baba Rama