Nimetimiza miaka 60, chaki bado naitamani

Ndugu Mhariri,

Wiki iliyopita nilitimiza miaka 60, umri wa kustaafu kwa lazima katika utumishi wa umma hapa Tanzania. Nimefundisha darasa la kwanza miaka 36.

Sitasahau mwaka 2002, baada ya ada ya shule za msingi kufutwa. Watoto walifurika, wengine wana miaka 11 na hawajawahi kushika kalamu. Madawati hayakutosha, tukatoka nje chini ya mwembe. Waliandika "a" vumbini kwa vijiti, nami nikipita nimeinama, nikiwashika vidole mmoja mmoja. Binti mmoja wa vumbi lile leo ni muuguzi. Mwezi jana alinipima presha, akaniamkia, "Shikamoo mwalimu," mbele ya foleni nzima. Machozi yalinitoka.

Ninaziomba halmashauri zituite wastaafu, hata siku mbili kwa wiki, tukae darasani na walimu wapya wa madarasa ya chini. Kumshika mtoto mkono hadi herufi ikae sawa hujifunzwa kwa kumtazama anayefanya. Sidai mshahara. Nauli inatosha.

Mwalimu mstaafu,
Morogoro