Ubingwa wa Kaiserslautern haukuwa wa kuokota

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako niijibu makala ya ukurasa wa michezo iliyohusu timu zilizotwaa ubingwa wa ligi za Ulaya bila kutarajiwa. Kaiserslautern, mabingwa wa Ujerumani msimu wa 1997/98, ilipewa mistari mitatu tu, ikaitwa timu ndogo iliyopanda daraja na kubebwa na bahati kwa kuwa Bayern Munich walikuwa wakigombana wenyewe kwa wenyewe. Imeniuma. Vijana wengi wanaosoma gazeti hili hawakuwa wamezaliwa wakati ule, na watakachoamini ni hicho mlichochapa.

Timu ndogo haikuwa. Mji ndio mdogo, una watu wapatao laki moja, lakini klabu yake ilikuwa imeshatwaa ubingwa wa Ujerumani mwaka 1951, 1953 na 1991. Fritz Walter, nahodha wa Ujerumani Magharibi iliyochukua Kombe la Dunia 1954, alikuwa mchezaji wa klabu hiyo, na uwanja ulioko juu ya kilima cha Betzenberg una jina lake. Ilikuwa miongoni mwa timu 16 zilizoanza na Bundesliga, ligi kuu ya Ujerumani, mwaka 1963, na haikuwahi kushuka daraja mpaka Mei 1996.

Kushuka huko mwandishi wenu amekuruka, nami naona ubingwa wa 1998 ulianzia hapo. Msimu wa 1995/96 ndio Bundesliga ilipoanza kutoa pointi 3 kwa ushindi. Kaiserslautern ilifungwa mechi 10 tu kati ya 34, ila ilitoka sare 18, na sare hizo ndizo zilizoizamisha. Siku ya mwisho ilikwenda Leverkusen ikitaka ushindi na si kingine. Ikatangulia kufunga, ikasawazishiwa dakika za lala salama, ikashuka. Andreas Brehme, mfungaji wa penalti iliyoipa Ujerumani Magharibi Kombe la Dunia 1990, alilia begani kwa Rudi Völler, mpinzani wake siku ile, na kamera zote zikiwatazama. Wiki moja baadaye wachezaji haohao wakaenda Berlin, wakaifunga Karlsruhe 1-0 na kutwaa Kombe la Ujerumani.

Klabu ikishuka, kwa kawaida kikosi husambaratika. Hiki hakikusambaratika. Brehme alibaki, umri ukiwa umeshamtupa mkono kwa beki. Miroslav Kadlec na Pavel Kuka walianza fainali ya Euro 96 pale Wembley wakiwa na Jamhuri ya Czech, kisha wakarudi kucheza daraja la pili la Ujerumani. Alibaki Martin Wagner, akabaki Olaf Marschall, akabaki kipa Andreas Reinke. Kocha akaja Otto Rehhagel, aliyekaa miaka 14 Werder Bremen na ambaye Bayern walikuwa wamemfukuza Aprili 1996, siku chache kabla ya fainali ya Kombe la UEFA. Mwaka uliofuata walikuwa mabingwa wa daraja la pili, wakapanda.

Ratiba ikawapeleka Munich mechi ya kwanza kabisa, Agosti 2, 1997. Zikiwa zimebaki kama dakika kumi, Ciriaco Sforza alipiga mpira wa adhabu, Mdenmark Michael Schjønberg akauunga kwa kichwa: Bayern 0, Kaiserslautern 1, Rehhagel akiwa benchi mbele ya waajiri wake wa zamani. Tangu raundi ya nne walikuwa kileleni, na hawakushuka tena mpaka ligi inakwisha. Bayern walipokwenda Betzenberg wakafungwa tena, 2-0.

Hii hoja ya ugomvi wa Bayern, basi, ina uzito gani? Ni kweli kocha wao Giovanni Trapattoni aliwafokea wachezaji wake mbele ya waandishi wa habari, maneno ambayo Wajerumani wanayarudia hadi leo. Lakini hiyo ilikuwa Machi 10, 1998, wakati Kaiserslautern wamekaa juu tangu mwezi Agosti. Bayern hawakuwaachia kitu. Walimaliza na pointi 66, nao Kaiserslautern 68, wakiwa wamepoteza mechi 4 tu msimu mzima. Marschall alifunga mabao 21, moja pungufu ya Ulf Kirsten wa Leverkusen aliyekuwa mfungaji bora. Mei 2 waliichapa Wolfsburg 4-0, timu waliyopanda nayo pamoja, huku Bayern wakikwama 0-0 Duisburg, na ubingwa ukawa wao ikiwa imebaki mechi moja. Katika kikosi kile alikuwamo kijana aliyetoka Chemnitz, akipewa dakika zake taratibu, Michael Ballack.

Tangu Bundesliga ianze hakuna timu nyingine iliyopanda daraja na kuchukua ubingwa msimu huohuo. RB Leipzig walikaribia mwaka 2017, na fedha zao zote, wakaishia nafasi ya pili.

Yaliyofuata hayafichiki. Robo fainali ya Ligi ya Mabingwa 1999 waliondolewa na haohao Bayern, kisha madeni yakaikaba klabu, ikashuka 2006, na mwaka 2018 ikaangukia daraja la tatu. Viongozi waliotumia fedha ambazo klabu haikuwa nazo wanastahili lawama, na sitawatetea. Lakini makosa yao hayawezi kutumika kuwapunguzia heshima Rehhagel na wachezaji wale.

Ombi langu ni dogo: mchapishe msimamo kamili wa ligi ile, raundi kwa raundi, pembeni ya makala ijayo, na mwandishi wenu aanze kusimulia na Mei 1996.

Msomaji wenu,
Morogoro